Kalamu ya Kijani

3 Mei

Baba,

Shikamoo. Usidhani nimelainika. Babu alinifundisha kwamba salamu hanyimwi mtu, hata aliyekukera, kwa hiyo salamu hiyo ni yake zaidi kuliko yangu.

Najua habari ulizipata. Shangazi alipiga simu mara tatu kwenye ofisi ya kampuni yenu, akaambiwa fundi wa mistari ya barabara yuko kambini, kambini mtandao ni wa kubahatisha, lakini ujumbe utafika. Na ulifika, maana karani wenu alitupigia kusema umepewa karatasi mkononi. Tukamzika Babu bila wewe. Hii ni wiki ya saba. Simu yako nimeichoka, ndiyo maana naandika.

Nisikuzungushe. Jumamosi tarehe 28 Juni tunakutana nyumbani kumkumbuka. Watakuja watu wa kampuni ya rangi, majirani, na wale wazee wenzake wa matembezi ya asubuhi. Shangazi amenipa kazi ya kuandika maisha ya Babu na kuyasoma mbele za watu. Anasema mimi ndiye niliyeishi naye miaka kumi na mitano, nani mwingine? Upande wa kazi ni rahisi: alianza akiwa mchanganya rangi, akastaafu akiwa mkurugenzi mtendaji. Upande wa nyumbani ndio unaoniliza na kunichekesha kwa pamoja.

Unajua kwamba alijifunza kusuka nywele? Nilikuwa na miaka mitano, Mama ameshafariki, wewe umeshaondoka. Babu alikaa saluni ya jirani siku mbili na daftari lake, anachora. Mistari yangu ilinyooka kuliko ya mtoto yeyote shuleni, kwa sababu alikuwa anaipima kwa rula. Kwenye vikao vya wazazi alikwenda na ajenda yake mwenyewe, imechapwa. Aliniita Bosi. Akirudi kutoka kazini alikuwa anagonga mlango wa chumba changu na kuuliza, "Bosi ana nafasi?"

Halafu kuna zile Jumamosi. Nilipokuwa darasa la pili, alipokuwa ameshastaafu, kila Jumamosi alifunga tai yake ya rangi ya damu ya mzee, akanishika mkono, tukaenda stendi ya mabasi. Kufika saa nne na nusu, kuondoka saa saba. Tulikaa benchi lile lile karibu na dirisha la tiketi, tukitaja rangi za mabasi. Nikisema kahawia, yeye anasema, "Maji ya kunde, Bosi. Heshimu rangi." Niliwahi kumuuliza kwa nini anafunga tai kwenda kutazama mabasi. Akasema stendi unaweza kukutana na mtu wa maana. Hiyo nitaisoma ya mwisho.

Sasa sababu hasa ya barua hii. Nikitafuta vyeti vyake kwenye droo ya meza nimekuta bahasha yenye anwani yako, imeandikwa kwa ile kalamu yake ya kijani, haijafunguliwa. Juu yake, kwa mwandiko wako: IRUDI KWA ALIYETUMA. Muhuri wa posta ni wa mwaka jana. Chini yake kuna kalamu mpya ya bluu, bado iko kwenye karatasi yake, hiyo sijui inahusu nini.

Mzee wa miaka sabini na sita anakuandikia barua, wewe unairudisha bila kuifungua! Mimi sitaifungua, si yangu. Lakini njoo tarehe 28 uifungue mbele yangu. Usipokuja nitaichoma, na katika maisha nitakayoyasoma sitakutaja hata kidogo. Nitasema Babu alikuwa na mtoto mmoja, Shangazi.

Nangoja.

Bosi
(ndivyo Babu alivyoniita, wewe hukuwepo kunipa jina jingine)


14 Mei
Kambi ya barabara, kilometa ya 212

Mwanangu,

Marahaba.

Siku ya mazishi gari la kampuni lilikuwepo. Nilipanda. Nikashuka kabla halijatoka getini. Hapo sina cha kujitetea.

Lakini kwamba nilikutupa, hapana. Hilo sitalibeba. Mama yako alipofariki nilikuacha kwa babu yako kwa sababu nilikuwa siwezi hata kufunga kamba za viatu vyangu. Nikaacha kazi kiwandani kwake, nikaja huku kwenye barabara. Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimesimama tena, nimepata vyumba viwili vya kuishi, nikamwandikia barua kumwomba nije nikuchukue. Hakukuambia, sivyo? Barua yenyewe nakutumia, ninayo mpaka leo. Aliirudisha hiyo hiyo. Soma pembeni uone alichonijibu.

Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Nimeona watu wazima wakitoka ofisini kwake wamekumbatia boksi la vitu vyao kwa sababu ya jibu hilo. Mimi ni mtoto wake. Sikutegemea kufukuzwa kama meneja wa ghala, tena kufukuzwa kwa mwanangu mwenyewe.

Ilipokuja hii ya mwaka jana nikaona kijani juu ya bahasha. Nilikuwa na brashi mkononi. Niliandika nilichoandika, nikampa dereva palepale. Kijani nakijua.

Ichome tu.

Baba yako


19 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma mara nne. Mara mbili nilijifungia bafuni ili Shangazi asinione. "Naomba nije nimchukue mwanangu. Nitakuja Jumamosi yoyote, kwa basi linaloingia huko saa tano." Ni mwandiko wako kweli.

Kwa hiyo uliniomba. Na Babu alijua kwamba uliniomba. Miaka yote nilikuwa namuuliza, "Baba ananitaka?" naye ananijibu, "Baba yako ana kazi nyingi." Alikuwa ananisuka nywele huku analijua hilo. Sasa nisome nini mbele za watu? Karatasi zangu nimezichana zote, nimebaki na tarehe yake ya kuzaliwa.

Lakini na wewe nieleze, maana sijaelewa. Barua nimeigeuza juu chini. Pembeni kuna neno moja tu la kijani: Tuzungumze. Basi. Hakusema hapana. Hakukutukana. Mtu anakwambia tuzungumze, wewe unakaa kimya miaka kumi na miwili? Jumamosi ngapi zimepita hapo, Baba? Mimi mtu akiniambia tuzungumze, nakwenda tunazungumza!

Kiberiti kiko mezani, pembeni ya bahasha. Nakuambia ili ujue sitanii.

Bosi


20 Mei

Bi Taipu,

Shikamoo, bibi yangu. Huyu ni Bosi, mjukuu wa mkurugenzi wako. Ulikaa mlangoni pake miaka ishirini na mbili ukimchapia barua zake, hakuna aliyemjua kazini kuliko wewe. Nina swali moja, naomba unijibu bila kunionea huruma. Babu akiandika Tuzungumze kwa kalamu ya kijani, alimaanisha nini? Baba aliandikiwa neno hilo alipoomba kunichukua, na anasema watu walikuwa wanatoka na maboksi.

Tafadhali nijibu haraka. Kuna kitu nataka kukichoma.

Bosi


24 Mei

Mjukuu wangu Bosi,

Marahaba. Usichome kitu chochote mpaka umalize kunisoma.

Kiwandani tulikuwa na msemo, "kupigwa kijani." Ulianza hivi. Mwaka wa kwanza wa ukurugenzi wa babu yako, meneja wa ghala alipeleka maombi ya likizo, yakarudi yameandikwa Tuzungumze. Akapanda ngazi, akashuka, kesho yake hayupo. Kumbe alikuwa anapitisha mapipa ya rangi uani, lakini hilo tulilijua babu yako na mimi tu. Wa pili kuandikiwa alikuwa mtu wa mauzo. Naye akaondoka, ila yule alikuwa ameshapata kazi kwingine siku nyingi. Ikatosha. Tangu hapo mtu akiliona neno lile anakusanya kikombe chake, kandambili zake na picha za watoto wake kabla hata hajaitwa. Kuna walioandika barua za kuacha kazi kuliko kupanda zile ngazi. Wachache waliojikaza wakapanda walikuta ameagiza chai na viti viwili vimetazamana. Wengine walishuka wamepandishwa cheo, lakini hao hakuna aliyekuwa anawasimulia.

Maana yake kwa babu yako ilikuwa tuzungumze. Hakuna nyingine. Hakupenda kumkatalia mtu kwa karatasi, wala kumkubalia jambo zito kwa karatasi. Alitaka amtazame usoni. Alikuwa ananiuliza, "Bi Taipu, mbona watu wangu wazuri wananikimbia?" Mimi kimya. Na kwa vile umesema nisikuonee huruma, nami sitajionea: uoga ule ulinifaa. Foleni mlangoni pangu ilikuwa fupi na kazi yangu nyepesi. Nilinyamaza miaka ishirini na mbili kwa ajili ya foleni.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Tunacheka ya zamani, nikapitiwa nikamsimulia kupigwa kijani, nikidhani atacheka. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Na mwanangu, alikuwa anaujua msemo huo?" Nikasema, "Mzee, hata mfagiaji aliujua." Wiki hiyo hiyo alimwandikia baba yako. Barua iliporudi alinipigia simu, sauti imekwisha. Nikamuuliza anwani ameandika kwa kalamu gani. Akasema, ile ile ya kijani. Nikamwambia, mzee wangu, nunua ya bluu uandike upya. Akasema atanunua.

Sijui kama alinunua.

Bi Taipu


26 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua ya Bi Taipu nimekunakilia yote kwa mkono, iko humu ndani. Isome kwanza kabla ya kugusa ile nyingine.

Alinunua, Baba. Ndiyo ile kalamu niliyoikuta kwenye droo. Hakuitumia kwa sababu ndiyo siku zile kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ukafa. Na hapa kuna jambo ambalo hata Shangazi sijamwambia. Mwezi wa pili wa ugonjwa aliniita, ulimi mzito, akasema, "Bosi, niandikie barua. Kwa baba yako." Nilikuwa namkata kucha. Nikamwambia siandiki barua kwa mtu aliyenitupa, na kama anamtaka huyo mtu, basi aseme mimi niondoke. Nilimalizia kucha zake bila kumtazama. Aliishi miezi saba baada ya hapo na hakuniomba tena.

Kwa hiyo mimi nilimnyima mkono wangu, wewe ulimrudishia bahasha, na Bi Taipu alikuwa na foleni yake. Na Babu pia sijamsamehe, nakuambia wazi. Miaka kumi na mmoja alikuwa na mdomo, miguu na nauli ya basi. Angeweza kuja huko kukuambia tuzungumze ana kwa ana, na angeweza kunijibu mimi nilipomuuliza. Nampenda mpaka inaniuma, na nimemkasirikia mpaka inaniuma, na sina mtu wa kugombana naye.

Bahasha naituma kwa rejista, haijafunguliwa. Nimeogopa siku mbili kuiachia. Ukiichoma sitajua kamwe alitaka kusema nini, na tarehe 28 nitasimama mbele za watu sina la kusoma. Baba, tafadhali, fungua.

Bosi


9 Juni
Kambi ya barabara, kilometa ya 215

Mwanangu,

Marahaba.

Ilikaa ndani ya kofia yangu ya kazi siku tatu. Siku ya nne mvua ilisimamisha kazi, nikaingia kwenye kibanda cha mapipa nikaifungua kwa bisibisi ninayofungulia makopo ya rangi. Nakunakilia alivyoandika, neno kwa neno.

"Mwanangu,

Juzi Bi Taipu kaniambia jinsi neno langu lilivyokuwa linasomeka kiwandani. Miaka yote nilidhani nawaita watu, kumbe nilikuwa nawafukuza. Na wewe nilikufukuza.

Ulisema Jumamosi yoyote, basi la saa tano. Nilijua utakuja Jumamosi inayofuata, tuzungumze, ndipo nikukabidhi mtoto. Nilifunga tai. Nilimchukua na yeye, nimemvalisha gauni la njano, ili umwone ukishuka. Hukushuka. Nikarudi Jumamosi nyingine. Nilirudi mwaka mzima na ushee. Yeye nilimwambia tunatazama rangi za mabasi, na akawa anazijua kuliko vijana wangu wa maabara.

Kuna kitu kimoja siwezi kukudanganya, nimeshazeeka. Kila basi lilipomaliza kushusha watu na wewe hukuwemo, nilikasirika kwa niaba yake. Na chini ya hasira hiyo nilifurahi. Nilimshika mkono nikarudi naye nyumbani. Ndiyo maana sikukufuata. Nilijiambia mimi nimekwisha kuita, iliyobaki ni zamu yako. Ukweli ni kwamba ningekufuata, ungemchukua.

Mtoto hajui kwamba uliomba. Ananiuliza kama unamtaka, namjibu habari za kazi. Hilo linanitesa kuliko yote. Naogopa kumwambia peke yangu. Njoo tumwambie sote wawili.

Baba yako"

Hakuna zaidi.

Na mimi nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Tiketi nilikuwa nimeshaikata. Nilikuwa na uhakika kiasi hicho kwamba atasema ndiyo. Barua ikarudi siku ya Alhamisi. Jumamosi nilikwenda stendi ya huku na tiketi mfukoni, nikasimama nikalitazama basi likiondoka na kiti changu, namba kumi na nne, dirishani. Saa tano mlikuwa mnalitazama likiingia.

Nilipofika hapo kwenye barua yake nilikaa juu ya pipa, nikalia kama mtoto. Vijana wangu walidhani nimelevywa na harufu ya rangi, wakaniletea maji.

Jina nilikuwa nimekupa. Ulizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, mama yako akasema kampuni nzima ya rangi imetoa tone moja tu. Tukakuita Tone. Labda hukumbuki.

Nimepata ruhusa ya siku tano kuanzia tarehe 27. Sijui nina haki gani ya kukaa katikati ya watu wanaomkumbuka. Na hata nikija, mara ya mwisho nilikuona una miaka mitano. Nitashuka pale stendi nianze kuwakodolea macho wasichana wote? Nitakujuaje? Kama jibu ni hapana, niambie hapana. Ila liandike kwa neno linaloeleweka.

Baba yako


16 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa ile kalamu ya bluu. Leo ndiyo nimeitoa kwenye karatasi yake. Iligoma mwanzoni, nikaichorachora pembeni ya gazeti la Shangazi mpaka ikakubali.

Gauni la njano nalikumbuka. Lilikuwa linaniwasha shingoni, nikawa nalalamika, na Babu ananiambia, "Vumilia kidogo, Bosi, basi moja tu." Kila mara lilikuwa basi moja tu. Nimekwenda pale Jumamosi iliyopita nikakaa kwenye benchi peke yangu. Nilimkasirikia kwa sauti, mwanamke wa dirisha la tiketi akaniuliza kama nimepotelewa na mzigo.

Nimeandika upya. Nitawasomea rula, nitawasomea ajenda, nitawasomea chai na viti viwili. Na stendi nitaisoma yote, pamoja na ile furaha aliyoificha. Nitasema Babu alinipenda akashindwa kuniachia, kwamba alikosea, na kwamba alilijua kosa lake na alitaka kulirekebisha, tukamnyima kalamu. Shangazi ameshika kichwa, anasema watu wa kampuni watasemaje. Bi Taipu amesema atakaa mstari wa mbele, na yeye ana lake la kuungama.

Nilianza kukuandikia Tuzungumze pembeni ya barua yako, kwa utani. Nikalikata. Neno hilo limeshatutosha.

Njoo.

Nimeulizia, basi la saa tano bado lipo, siku hizi wamelipaka samawati. Kikao ni saa tisa, kwa hiyo tutakuwa na muda. Ile barua usiitume, ilete mkononi. Nataka kuuona mwandiko wake.

Kuhusu kunijua, usihangaike. Nitakuwa kwenye benchi karibu na dirisha la tiketi tangu saa nne na nusu. Tafuta msichana aliyefunga tai ya damu ya mzee.

Mwanao,

Tone